Zilihama salama, zikafia ugenini: kisa cha mashine pepe za chuo kimoja Mwanza

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko jijini Mwanza, na kina seva mbili za chuma zinazobeba karibu kila kitu cha kompyuta pale: mfumo wa ada, maktaba, barua pepe, na mashine pepe (kompyuta za programu tu, zinazoishi ndani ya kompyuta halisi) za wanafunzi wa mitandao na programu. Seva ya kwanza iko chumba cha chini, kwenye jengo la upande wa ziwa. Ya pili iko jengo la juu, penye miamba, na kati yao umepita waya wa faiba wa gigabiti moja kwa sekunde. Diski za mashine pepe ziko kwenye hifadhi ya pamoja inayoonekana na seva zote mbili. Kwa hiyo mashine ikihama kutoka chini kwenda juu, kinachosafiri ni memori na hali ya prosesa tu. Diski haiendi popote.

Siku ya tukio kazi ilikuwa ya kawaida. Betri za UPS za chumba cha chini zilikuwa zimechoka, na kiyoyozi kilitakiwa kufunguliwa. Karibu na maji namna ile, msimu wa wadudu wa ziwani ukifika, vichujio huziba mpaka kiyoyozi kinabaki kupuliza hewa ya moto. Fundi wa seva akaamua kuzipandisha mashine zote juu bila kuzima hata moja, ili watu wa ada wasije juu. KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, inaruhusu. Akatoa amri kwa mashine moja baada ya nyingine, na kila moja ikajibu kwamba imefika. Kwenye skrini hakukuwa na kosa hata moja.

Mafundi wa betri hawajamaliza kufungua skrubu, simu zikaanza kuita. Mashine nne zilikuwa zimekufa. Mfumo wa ada ulikuwa unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, maktaba vilevile. Nne hizo zote zilikuwa za wanafunzi, lakini kulikuwa na nyingine za wanafunzi, zilizotengenezwa kwa kiolezo kilekile, ambazo zilihama na kuishi. Hapo ndipo nilipoitwa.

Umeme wasingiziwa

Mkuu wa idara alikuwa na jibu mkononi. "Huu ni umeme, bwana. Radi za hapa unazijua. Umeme ukikatika usiku, asubuhi ni mashine hizihizi za wanafunzi zinaamka zimeharibika."

Hakusema uongo. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazopigwa radi sana, na dhoruba zake hupenda usiku. Logi za chuo nazo zilimuunga mkono: kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, kesho yake zilipatikana mashine za wanafunzi zilizoamka vibaya. Ila siku ya uhamisho umeme haukukatika hata kidogo. Niliiweka habari hiyo pembeni, maana ugonjwa unaowapata walewale kwa sababu mbili tofauti ni jambo la kutilia shaka.

Mtandao niliuondoa haraka. Mashine ya GB 16 kwenye gigabiti moja huchukua kama dakika mbili na nusu kwa mzunguko wa kwanza wa kunakili memori, kisha hufuata mizunguko mifupi ya kurudia kurasa (vipande vya memori) zilizobadilika wakati wa kunakili. Kinachobaki kikiwa kidogo kiasi cha kuweza kupita ndani ya muda uliowekwa, na kwa QEMU, programu inayoshirikiana na KVM kuendesha kila mashine pepe, muda huo kwa kawaida ni milisekunde 300, mashine husimamishwa kidogo, mabaki yanapita, na inaamkia upande wa pili. Mbinu hii si ngeni. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na wenzao waliihamisha seva ya mchezo wa Quake 3 kwa Xen, programu nyingine ya mashine pepe, huku watu wakicheza, na ukimya ukafika milisekunde 60 tu. Mtandao ukiwa mbovu, uhamisho hukawia au hukataa kumalizika, na mashine hubaki ilikotoka. Hapa uhamisho ulimalizika. Hifadhi ya pamoja nayo isingeweza kuchagua mashine nne na kuziacha nyingine.

Tofauti ilikuwa nini

Kiolezo cha mashine kilikuwa kimoja kwa wote, nacho kiliipa kila mashine prosesa ya seva kama ilivyo, bila kupunguza kitu. Maana yake kila mashine pepe, hata ile ya ada isiyo na haja hiyo, iliiona alama ya `vmx` na hivyo iliweza yenyewe kuendesha mashine pepe nyingine ndani yake. Nilipoiuliza seva ya chini kwa `cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested`, ikajibu `Y`. Hakuna mtu chuoni aliyekuwa ameiwasha. Seva zilikuwa na Ubuntu 18.04, yenye Linux 4.15 na QEMU 2.11, na uwezo huo ulikuja ukiwa umewashwa tayari.

Kwa wanafunzi wa mitandao hilo lilikuwa jambo jema. Kila kundi lilipewa mashine moja, na ndani yake likajenga seva tatu nne za kujifunzia. Makundi matatu yaliyokuwa na seva za ndani zinazofanya kazi saa ile ya uhamisho, mashine zao zilikufa. Makundi yaliyokuwa yamezima zao na kwenda kula, mashine zao zilipona. Mpaka hapo hesabu ilikuwa inakubali.

Ya nne ikaivuruga. Ilikuwa ya kundi la wanafunzi wa programu, na fundi aliapa kwamba ndani yake hamkuwa na mashine pepe. Logi yake ya amri ilionyesha hivyo: saa chache kabla ya uhamisho mtu alipiga `virsh list`, amri ya kuorodhesha mashine pepe zilizo hai, na orodha ikarudi tupu. Nikawauliza wenyewe. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu ya kuandika uzito na bei za dagaa kwa wauzaji wa Mwaloni, Kirumba. "Sisi mashine pepe hatutumii, mwalimu," mmoja akanijibu. "Tunafungua emuleta ya Android tu."

Emuleta ya Android, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwenye Linux kwa kawaida huendeshwa juu ya KVM. Ni mashine pepe kamili, ila haipitii libvirt, programu ya usimamizi ambayo `virsh` huiuliza, kwa hiyo `virsh list` haina habari nayo. Ukipiga `lsmod` badala yake, namba ya mwisho kwenye mstari wa `kvm_intel`, moduli ya KVM kwa prosesa za Intel, inakuambia inashikiliwa au la. Walipoifungua tena emuleta kwenye mashine mpya, namba ikapanda kutoka sifuri. Hesabu ikakaa sawa: kila mashine iliyokuwa na nyingine hai ndani yake ilikufa, na hakuna hata moja isiyokuwa nayo iliyokufa.

Kilichobaki nyuma

Hapa inabidi tuyataje matabaka kwa majina. Kuna seva ya chuma. Juu yake kuna mashine ya kati, ile iliyopewa kundi. Ndani ya mashine ya kati kuna mashine ya ndani.

Prosesa ya Intel haiendeshi mashine pepe kwa memori peke yake. Tangu VT-x, uwezo wa Intel wa kubeba mashine pepe, ilipotoka mwaka 2005, msimamizi wa mashine pepe (programu inayoziendesha, hapa ni KVM) huiambia prosesa kwa amri ya VMXON kwamba sasa anaanza kazi hiyo. Kisha huandaa kwa kila prosesa pepe muundo uitwao VMCS, usiozidi KB 4, unaoeleza mgeni ameachwa wapi, rejista zake (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) zinasomaje, na matukio gani yamrudishe kwa msimamizi. Lakini prosesa halisi inamtambua msimamizi mmoja tu, yule wa seva ya chuma. Msimamizi wa mashine ya kati akitoa VMXON, haifiki kwenye chuma. Keneli, yaani kiini cha Linux, ya seva ya chuma huidaka, ikaiandika kwake, na kuanzia hapo ikaigiza mbele yake kwamba prosesa imekubali. Kuna hata wakati VMCS ya mashine ya ndani iliyo hai iko kwenye nakala ya keneli ya chini, huku ile iliyo kwenye memori ya mashine ya kati ikiwa imepitwa na wakati.

Sasa ihamishe mashine ya kati. Memori yake yote inakwenda. Rejista zake zinakwenda. Kile ambacho keneli ya chini ilikiandika kwake hakiendi, kwa sababu hakikuwa sehemu ya memori ya mashine wala rejista ambazo QEMU ya zamani ilijua kuziomba. Ni mpangaji aliyepangisha chumba kwa mtu mwingine, akahama na kila kijiko, ila ruhusa ya kupangisha ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mwenye nyumba, na daftari halikuhama. Kule alikofika mwenye nyumba mpya hana habari ya mpangaji wa pili.

Hii ndiyo iliyoeleza kwa nini vifo havikufanana. Kwenye mashine mbili, skrini ya mashine ya kati ilionyesha `kernel BUG` na chini yake jina la `kvm_spurious_fault`. Hizi ziliamka kule juu zikiwa zinaendesha kazi zao wenyewe, zikaendelea kwa muda, na zilipojaribu kurudi kuihudumia mashine ya ndani kwa amri ya VMRESUME au nyingine ya jamii yake, seva mpya ikazijibu kwamba amri hiyo haijulikani. Kwa seva ile VMXON haikuwahi kutolewa. Keneli ya mashine ya kati haina mpango wa dharura kwa jambo hilo, inaanguka. Mbili nyingine hazikuacha hata neno la maana. Nadhani hizo zilikamatwa prosesa ikiwa ndani kabisa, inaendesha mashine ya ndani. Zilipoamka, rejista zilikuwa za mashine ya ndani lakini seva mpya ikazichukua kuwa za mashine ya kati. Anwani za memori zikaelekeza pasipo pake na kila kitu kikavurugika papo hapo.

Kuna jambo dogo la kuongeza hapa kwa anayependa undani. Kwa keneli walizokuwa nazo, moduli ya KVM ndani ya mashine ya kati haitoi VMXON inapopakiwa. Huitoa mashine ya ndani ya kwanza inapowashwa, na huifuta ya mwisho inapozimwa. Ndiyo maana waliozima na kwenda kula walipona ingawa moduli yao ilikuwa imepakiwa.

Tukirudi kwenye umeme

Nikaomba nione hati ya amri inayoendeshwa UPS ikitoa ishara kwamba betri inaisha. Ilikuwa fupi na nzuri. Inapitia mashine zote moja moja na kuipigia kila moja `virsh managedsave`, yaani kuigandisha pamoja na memori yake kwenye faili, ili umeme ukirudi iendelee ilipoishia. Aliyeiandika alikuwa anawafikiria watu, na kwa mfumo wa ada ilifanya kazi vizuri miaka yote.

Ila kwa QEMU, kugandisha kwenye faili na kuhamisha kwenda seva nyingine ni kazi ileile. Mtiririko wa data ni mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja unakwenda kwenye diski na mwingine unakwenda kwenye mtandao. Kinachosahaulika kwenye uhamisho kinasahaulika na huku pia, hata kama mashine inaamkia kwenye seva ileile iliyolala, kwa sababu daftari la keneli lilifungwa mashine ilipogandishwa. Radi ilikuwa inakata umeme tu. Mashine za wanafunzi zilikuwa zinauawa na hati ya kuziokoa.

Hilo halikuhitaji kuaminiwa kwa mdomo. Tulitengeneza mashine ya kati mpya kwenye seva ya chini, ikagandishwa na kuamshwa ikiwa tupu: nzima. Tukawasha ndani yake mashine ndogo ya ndani isiyofanya lolote ila kuandika saa kwenye faili, tukaigandisha na kuiamsha ya kati tena. Ikaandika `kernel BUG`. Umeme upo, waya wa faiba umechomolewa, seva ni moja. Mkuu wa idara alisimama nyuma yetu akiangalia, akaguna, akaomba hati ya UPS ibadilishwe jioni ileile.

Kwa nini haikukataa

Swali lililomuudhi fundi, na nadhani ana haki, ni kwa nini amri ilimwambia imefaulu. Jibu ni la tarehe. KVM iliingia kwenye Linux 2.6.20, Februari 2007. Mwaka 2010 watafiti wa IBM wa Haifa walionyesha, kwenye mradi waliouita Turtles, kwamba mashine ndani ya mashine kwenye Intel inaweza kwenda kwa hasara ya asilimia 6 hadi 8 tu kwa kazi za kawaida, na mwaka 2011 uwezo huo ukaanza kuingia kwenye Linux. Lakini mlango wa kuisoma na kuirudisha ile hali iliyo kwenye daftari la keneli uliongezwa kwenye Linux 4.19, mwishoni mwa 2018. Miaka yote ya katikati uwezo wa kuendesha ulikuwepo bila uwezo wa kuhamisha, na QEMU za wakati huo hazikuwa na habari ya kukataa. Baadaye QEMU iliwekewa kizuizi, ikawa inagoma kuhamisha mashine yenye `vmx` ikiona keneli haiwezi kuitoa hali hiyo. Watu walikilalamikia sana kizuizi hicho. Kwangu mimi kilikuwa neema: afadhali mashine inayokataa kuondoka kuliko inayofika ikiwa maiti.

Kwa Intel, hati za keneli zinasema kuhamisha mashine ya kati ikiwa na ya ndani hai kunafanya kazi kuanzia Linux 5.3 na QEMU 4.2. Seva za chuo zilikuwa nyuma ya vyote viwili.

Tulichofanya

Mashine zisizohitaji kubeba nyingine zilinyang'anywa `vmx` kwenye maelezo yake. Mfumo wa ada, maktaba, barua pepe: hakuna hata moja iliyokuwa na sababu ya kuwa nayo. Hiyo peke yake ilipunguza zaidi ya nusu ya wasiwasi.

Seva zote mbili zikapandishwa hadi Ubuntu 20.04, yenye Linux 5.4 na QEMU 4.2. Kupanda kwenyewe kulikuwa na mtego. Wakati wa kuihama seva ya zamani mashine za ndani zilipaswa kuzimwa zote, kwa sababu anayetoka Linux 4.15 hana cha kutoa hata kama anayepokea ni mpya. Na mashine za kati zilizimwa kabisa na kuwashwa upya. Kuirestati kutoka ndani hakutoshi, kwa kuwa mchakato wa QEMU unabaki uleule.

Kilichobishaniwa kwa muda mrefu ni prosesa. Seva ya chini ina Xeon, prosesa za Intel za seva, za kizazi cha Broadwell, ya juu ni Skylake, kizazi cha baadaye. Mwalimu wa mitandao alitaka prosesa iendelee kutolewa kama ilivyo, kwa sababu ya kasi. Mimi nilikataa. Uwezo wa VMX wenyewe hutofautiana kati ya vizazi, na mashine ya kati huusoma mara moja inapoamka na kuuamini mpaka mwisho. Iliyoamkia juu ikishushwa chini inaweza kumwomba prosesa kitu ambacho hana. Kutoa prosesa kama ilivyo ni salama kuhama nako pale tu seva mbili zinapofanana kwa chuma, kwa maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) na kwa keneli. Tukachagua modeli ya `Broadwell-noTSX-IBRS`, yaani maelezo ya prosesa yasiyobadilika, kwa seva zote mbili, na kuongeza `vmx` kwa mashine za wanafunzi tu. QEMU 4.2 ndiyo iliyoanza kuziandikia modeli zenye majina orodha ya uwezo wa VMX wa kizazi chake, kwa hiyo mashine ya kati inaona kitu kimoja ikiwa juu au chini. Kasi iliyopotea hakuna mwanafunzi aliyeiona.

Jaribio la mwisho lilikuwa lilelile la saa. Mashine ya ndani ikiandika kila sekunde, ya kati ikapandishwa juu, ikashushwa, ikagandishwa, ikaamshwa. Kwenye uhamisho mistari ya saa haikukosa hata mmoja. Kwenye kugandisha paliruka pengo la muda ule iliolala, kama ilivyotarajiwa, kisha ikaendelea.

Pamoja na hayo nilishauri mashine za wanafunzi zisihamishwe hovyo, na ushauri huo sijaubadilisha. Pale ambapo kundi lina kazi isiyotaka kukatika, wawe na mashine za kati mbili, moja kila seva, na wahamishe mashine ya ndani kutoka hii kwenda ile. Kwa uhamisho huo msimamizi wa kati ndiye anayefungasha, na vyote anavyovihitaji viko mkononi mwake, hata kwa programu za zamani. Ni somo zuri pia kwa darasa la mitandao, na mwalimu amelichukua kuwa zoezi.

Chuo kimeahidiwa seva ya tatu, yenye prosesa ya AMD. Kuhamisha mashine ikiwa hai kutoka Intel kwenda AMD si jambo la kutegemea. Ndani ya AMD zenyewe, Linux 5.8 ya mwaka 2020 iliongeza mlango kama ule wa Intel, lakini hati ya keneli imeandika onyo kwamba mashine ya kati iliyokwisha kuwasha ya ndani isihamishwe wala kugandishwa mpaka hiyo ya ndani izimwe. Tumekubaliana hiyo ya tatu ikija ipewe barua pepe na maktaba, bila `vmx`, na emuleta za watu wa dagaa zibaki pale zilipo.